Nani Kasema Huyu Ni Mwizi?

Ni alfajiri, na watu wawili wamefungwa kamba. Usiku kucha wamelindwa kwenye banda la farasi. Wamepewa kiamsha kinywa, wamepiga stori na walinzi wao, hata wametaniana. Kisha wanapandishwa juu ya farasi, wanapelekwa kwenye miti iliyo karibu, na wananyongwa. Hakuna jaji, hakuna wakili, hakuna karatasi yoyote iliyoandikwa. Kosa lao ni kuiba mifugo. Mmoja wao anaitwa Steve, na anayeongoza kundi linalomnyonga ni rafiki yake wa miaka mingi.

Hiyo ni sura moja ya The Virginian, riwaya ya Owen Wister iliyotoka mwaka 1902. Hadithi za mpaka wa Magharibi ya Marekani zilikuwepo kabla yake. Tangu miaka ya 1860 ziliuzwa kwa senti kumi, zikasomwa na kutupwa. Lakini Wister ndiye aliyezipa sura tunayoijua leo: jamaa mrefu asiyesema mengi, mwalimu wa kike kutoka miji ya mashariki, adui mwenye mdomo mchafu, na bastola mbili zinazokutana mtaani jua likizama. Kama umewahi kuangalia muvi yoyote ya kaboi, hata ile uliyoiona nusu nusu kwa jirani ukiwa mtoto, basi umekutana na mjukuu wa kitabu hiki.

Jambo moja kuhusu Wister linafaa kukumbukwa mapema. Hakuwa kaboi. Alizaliwa Philadelphia kwenye familia yenye pesa, akasomea sheria Harvard, na mara ya kwanza alikwenda Wyoming mwaka 1885 kwa sababu za kiafya. Kwa hivyo, utetezi maarufu kuliko wote wa kumnyonga mtu bila kesi katika riwaya za kaboi uliandikwa na mwanasheria.

Na utetezi huo sisi tunaujua, hata kama hatujawahi kukishika hicho kitabu. Neno “mwizi!” likipigwa ukelele sokoni au kwenye steji ya matatu, unajua kinachofuata. Watu wanaacha walichokuwa wakifanya. Mawe yanapatikana ghafla, kana kwamba yalikuwa yakingoja. Mtu anatafuta tairi, mwingine anatoa simu kurekodi. Jioni, kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa, kuna anayeuliza kama kweli ilikuwa lazima, na kuna wanaomjibu: sasa ulitaka tumpeleke wapi? Polisi, ili kesho tukutane naye hapa hapa?

Swali hilo halijibiwi kwa kushangaa au kwa kusema “ni vibaya” na kuendelea na safari. Wister alilichukulia kwa uzito, akalijenga vizuri, akampa mhusika mwenye heshima alitetee. Tumsikilize kwanza.

Mhusika huyo ni Jaji Henry, mwenye ranchi ambako kaboi wetu ameajiriwa. Aliwahi kuwa jaji wa serikali kuu. Molly, yule mwalimu kutoka Vermont, amesikia kwamba mwanamume anayempenda ameongoza kundi lililonyonga watu, na moyo wake umevunjika. Jaji anaenda kumtuliza. Anachomwambia, kwa maneno yangu, ni hiki: Molly, hizo mahakama unazozililia zilitoka wapi? Ni wananchi wa kawaida waliokaa, wakaandika katiba, wakachagua wajumbe, wakaweka majaji na mabaraza ya kuamua kesi. Haki ilikuwa mikononi mwao, wakaikabidhi kwa mahakama iwatunzie. Sasa mahakama za Wyoming zimeshindwa. Mwizi anajulikana, anapelekwa kortini, anaachiliwa. Mwenye mali akimrudisha mfanyakazi kazini kwa sababu amelala, je, ameivunja kazi? Wananchi wanachukua tu kile walichokuwa wamekikabidhi. Kwake Jaji, hata hiyo kamba ni njia ya kuitetea sheria.

Usiicheke hoja hii. Kifungu cha kwanza cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema mamlaka yote kuu ni ya wananchi, na kwamba wanaweza kuyatumia wao wenyewe moja kwa moja au kupitia kwa wawakilishi wao. Vijana walioingia barabarani mwaka 2024 walikibeba kifungu hicho kwenye mabango. Wengi wetu tunakiamini kutoka moyoni. Ukimsoma Jaji Henry kwa haraka, unaweza kudhani amekinukuu. Kama mamlaka ni yetu, na polisi wamelala, na korti inauzwa, ni nani wa kutuzuia tusiyachukue?

Basi hoja inafaa kujaribiwa pale pale ilikozaliwa, Wyoming, kabla hatujaileta mtaani kwetu.

Jaribio la kwanza ni swali rahisi: anayesema haya yote ni nani? Ni jaji, sawa. Lakini ni jaji anayemiliki ranchi, na mifugo iliyoibwa ni ya watu kama yeye. Mlalamishi ndiye anayemwelezea Molly haki ni nini. Wister anaiweka mbele yetu kana kwamba haina maana yoyote. Kwa historia ya Wyoming, ilikuwa na maana kubwa.

Mwaka 1884 Wyoming ilipitisha sheria iliyowapa wafugaji wakubwa, kupitia chama chao cha Wyoming Stock Growers Association, mamlaka juu ya ndama wasio na chapa waliokutwa mbugani. Kabla ya hapo, ndama asiye na chapa alikuwa swali: ni wa nani? Mfugaji mdogo angeweza kuweka chapa yake, na hata makaboi walioajiriwa walianzia hapo kujenga mifugo yao. Baada ya sheria hiyo, mtu aliyefanya jambo lile lile alikuwa mwizi. Mikono yake haikubadilika, wala ndama hakubadilika. Kilichobadilika ni maana ya neno, na walioibadilisha ndio waliofaidika.

Tarehe 20 Julai 1889, wafugaji sita walimchukua Ella Watson na mwenzake Jim Averell na kuwanyonga karibu na mto Sweetwater. Ella alikuwa ameandikisha kipande cha ardhi chini ya sheria ya Homestead ya 1862, iliyompa mlowezi ekari 160 akikaa na kulima. Ardhi yake ilikuwa mahali ambapo jirani mwenye mifugo mingi alikuwa amezoea kulishia. Magazeti ya Cheyenne yalimwandika kama malaya na mwizi wa ng'ombe, na jina la “Cattle Kate” likamganda. Mashahidi walitoweka au wakafa kabla ya kesi. Hakuna aliyehukumiwa. Karibu miaka mia moja baadaye, waliofukua kumbukumbu walionyesha kwamba tuhuma zilikuwa dhaifu kabisa na kwamba mgogoro wenyewe ulikuwa wa ardhi na maji.

Halafu ikaja Aprili 1892. Wafugaji wakubwa walikodi watu wenye bunduki kutoka Texas, wakaingia nao Johnson County wakiwa na orodha ya majina ya watu wa kuuawa. Tarehe 9 wakawaua Nick Ray na Nate Champion. Wananchi wa kaunti hiyo wakajikusanya na kuwazingira wavamizi kwenye ranchi moja, mpaka Rais Benjamin Harrison alipotuma wanajeshi. Wanajeshi wakawatoa wavamizi salama. Kesi ikafifia, na tena hakuna aliyehukumiwa.

Huu ndio udongo ambao The Virginian ilipandwa. Wister alikuwa na marafiki miongoni mwa wafugaji wakubwa, na alipoandika, alichukua vita vya matajiri dhidi ya wafugaji wadogo akavigeuza kuwa hadithi ya watu waungwana dhidi ya wezi. Mahakama za Johnson County zilikuwa “zimeshindwa”, ndiyo. Zilishindwa kwa sababu wazee wa baraza walioketi kusikiliza kesi walikuwa majirani wa washtakiwa, na mara nyingi hawakukubali kwamba kilichofanyika kilikuwa wizi. Kwa maneno mengine, wananchi walikuwa wameshaamua, na Jaji Henry hakuupenda uamuzi wao.

Jaribio la pili linatoka mdomoni mwa Jaji mwenyewe. Molly anasema haoni tofauti ya kimsingi kati ya hiki na kile kinachofanyika Kusini, ambako Waafrika wa Marekani wanachomwa moto na umati. Jaji anasema tofauti ipo, tena kubwa. Kule ni ushenzi, watu wanatesa hadharani na kufurahia. Huku kwetu tunanyonga kimya kimya, bila mateso, ili ustaarabu uje upesi.

Sasa tazama kalenda. Tarehe 9 Machi 1892, mwezi mmoja kamili kabla ya Nate Champion kuuawa, umati wa Wazungu katika mji wa Memphis uliwatoa jela wanaume watatu Waafrika na kuwapiga risasi. Mmoja wao, Thomas Moss, alikuwa rafiki wa Ida B. Wells, mwandishi wa gazeti. Watu wote walijua hadithi iliyozoeleka: umati hukasirika kwa sababu mwanamke amebakwa. Wells alimjua Moss, na alijua kosa lake. Moss na wenzake walikuwa na duka, People's Grocery, lililokuwa likimnyang'anya wateja Mzungu mwenye duka jirani. Basi. Wells alianza kuchunguza visa vingine, akakuta kwamba mara nyingi tuhuma inayotajwa na sababu halisi ni vitu viwili tofauti. Alipoandika hivyo, ofisi ya gazeti lake ilivunjwa akiwa safarini, na hakuweza kurudi Memphis kuishi.

Ziweke kesi hizi bega kwa bega. Mwanamke mwenye ardhi ambayo jirani anaitaka. Wanaume wenye duka ambalo jirani analichukia. Mmoja anaitwa mwizi, wengine wanaitwa wahuni hatari. Ustaarabu wa kamba ya Wyoming na ushenzi wa Memphis viko mbali kwenye hotuba ya Jaji tu. Ukifuata mali, vinakutana.

Na ukiifuata mali hadi mwisho wa barabara, unafika kwenye ardhi yenyewe. Johnson County iko mashariki ya milima ya Bighorn. Kwa mkataba wa Fort Laramie wa 1868, serikali ya Marekani ilikubali kwamba eneo hilo ni la Wahindi Wekundu, kama walivyoitwa, na kwamba Mzungu hana ruhusa ya kukaa humo. Walakota, Wacheyenne na Waarapaho waliwinda huko. Chini ya miaka kumi baadaye mkataba ulikuwa umekanyagwa. Kwa hivyo katika ugomvi wa mfugaji mkubwa na mfugaji mdogo kuhusu nani mwizi wa ndama, pande zote mbili zimesimama juu ya kitu kikubwa zaidi kilichochukuliwa, na riwaya haina neno la kukiita. Msomaji wa Kenya hahitaji maelezo marefu hapa. Mwaka huo huo wa 1902 wakoloni walipitisha sheria ya Crown Lands iliyofungua ardhi yetu kwa walowezi. Baadaye, ng'ombe wa mlowezi akiibwa, jamii nzima ilitozwa faini, na neno “mwizi” lilielekezwa upande mmoja tu. Hata mtu ambaye Wister alimwandikia tabaruku ya kitabu chake, Theodore Roosevelt, alishuka Mombasa Aprili 1909 na bunduki zake kuja kuwinda.

Mpaka hapo unaweza kusema: sawa, lakini hizi ni kesi za watu wakubwa kuonea wadogo. Mtaani kwetu ni kinyume. Anayepigiwa kelele ameiba simu ya mama mboga, au jiko la gesi la kijana aliyehamia juzi. Hakuna tajiri hapo. Na ni kweli. Hoja ya Jaji Henry inapotoka kinywani mwa tajiri, ni rahisi kuikataa. Itoke basi kinywani mwa maskini aliyeibiwa mara ya tatu, aliyekwenda kituoni akaambiwa alete pesa za mafuta ya gari ndipo waje. Je, yeye hawezi kuchukua kile alichokikabidhi?

Kwa swali hilo tunahitaji riwaya nyingine ya kaboi. The Ox-Bow Incident ya Walter Van Tilburg Clark ilitoka mwaka 1940. Tuko Nevada, mwaka 1885. Habari inafika kwenye baa kwamba kaboi anayependwa na wote, Kinkaid, amepigwa risasi na wezi wa ng'ombe. Sherifu hayupo. Naibu wake anawaapisha watu, kinyume cha sheria, na kundi linaondoka usiku kwenye baridi. Wamo watu wazuri. Yumo Davies, mzee mwenye duka, anayewasihi wangoje. Yumo Sparks, Mwafrika wa Marekani aliyeshuhudia ndugu yake mwenyewe akinyongwa na umati, anayekuja ili angalau kuwe na mtu wa kuomba dua. Msimuliaji, Art Croft, ni jamaa wa kawaida kama mimi na wewe, anayefuata kundi kwa sababu kubaki nyuma kungeleta maswali.

Wanawakuta watu watatu wamelala karibu na moto. Wana ng'ombe wenye chapa ya mtu wa bonde lile. Kiongozi wao, Martin, anasema aliwanunua kwa Drew, lakini hana risiti. Drew aliahidi kumtumia. Mwenzake, Mmeksiko, anapatikana na bastola ya Kinkaid. Anasema aliiokota njiani. Wa tatu ni mzee aliyechanganyikiwa akili. Ungekuwa pale, ungewaza nini? Clark anatufanyia hila ya haki kabisa: anatupa ushahidi ule ule waliokuwa nao, na ushahidi ni mzito. Martin anaomba jambo moja, wangoje mpaka mtu aende kumuuliza Drew. Inapigwa kura. Wanaojitokeza kupinga ni watano tu. Alfajiri, kama kwenye kitabu cha Wister, watu wananyongwa.

Wakiwa njiani kurudi wanakutana na sherifu, na Drew, na Kinkaid akiwa mzima. Ng'ombe walinunuliwa kweli.

Hapo ndipo tofauti ya vitabu hivi viwili inapoonekana, na ndipo jibu la swali letu lilipo. Katika The Virginian, tunajua Steve ni mwizi. Tunajuaje? Mwandishi ametuambia. Hakuna uwezekano wa Steve kuwa na risiti iliyosahaulika, kwa sababu Wister hakumwandikia. Riwaya nyingi za kaboi hufanya kazi hivyo, na ndiyo maana ni tamu: ukurasa wa kumi tayari unamjua mbaya ni nani, na kurasa mia mbili zinazobaki unangoja tu apate chake. Uhakika huo ni zawadi ya mwandishi. Nje ya kitabu hakuna wa kutupa. Steji ya matatu haina msimuliaji. Kuna mtu mmoja aliyepiga ukelele, na sisi tunaokimbia tukiwa na uhakika tuliouazima kwenye hadithi.

Na sasa tunaweza kumjibu Jaji Henry kwa mantiki yake mwenyewe. Anasema wananchi wanachukua tena walichokabidhi. Haya, walikabidhi nini? Walikabidhi haki ya kusikiliza, kisha kuamua. Mtu mmoja mmoja hakuwahi kuwa na haki ya kumuua mwenzake bila kumsikiliza. Wala jirani zake wakiwa ishirini hawakuwa nayo. Kwa hivyo hawangeweza kumpa mtu yeyote waitunze. Kundi linaponyonga bila kusikiliza, linachukua kitu ambacho halikukikabidhi kamwe. Na kile kifungu cha kwanza tunachokipenda kinasema mamlaka ni ya wananchi wote. Kijana aliyelala chini amefunika kichwa kwa mikono, yeye naye ni mwananchi. Sehemu yake ya mamlaka hayo, kwa dakika ile, ni kupata nafasi ya kusema “muulizeni Drew”.

Kwa hivyo mama mboga ana haki ya kuchukua mengi. Anaweza kumkamata aliyemwibia na kumshikilia. Anaweza kwenda na mtaa mzima hadi kituoni na kukataa kutoka mpaka taarifa iandikwe. Mtaa unaweza kukaa kortini siku ya kesi ili hakimu aone macho. Unaweza kumng'oa mwakilishi aliyelala, na kuandamana. Hayo yote ni yake na yetu, na tunayatumia kidogo sana kwa watu wanaolinukuu neno mamlaka kila siku. Yanachosha kuliko jiwe, hilo silikatai. Jiwe linamaliza mambo kwa dakika tano. Lakini kitu ambacho mahakama, hata mbovu, inaongeza juu ya umati ni muda. Kinkaid alikuwa hai wakati kamba inafungwa. Ukweli ulikuwa njiani, umepanda farasi, umebakiza saa chache. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, tukadhani wanaongea kuhusu kupika.

Upungufu wa hoja hii unafaa kusemwa pia, na Clark mwenyewe anausema. Baada ya yote, mzee Davies hawezi kulala. Anamwambia Croft kwamba yeye ndiye mwenye hatia kuliko wote. Alijua ni makosa. Alijua kiongozi wa kundi angesimamishwa na kitu kimoja tu, mtu wa kumkabili kwa bunduki, na alifurahi kwamba hakuwa na bunduki, kwa sababu hakulazimika kuitumia. Alibaki na maneno mazuri mdomoni. Kuwa upande wa haki moyoni hakukumsaidia Martin hata kidogo. Wale wanaoandika jioni kwenye WhatsApp kwamba haikuwa lazima, mchana walikuwa wapi? Swali hilo linanihusu mimi, na huenda linakuhusu wewe. Kumkinga mtu anayepigwa ni hatari, na sitajifanya najua wangapi kati yetu wangethubutu. Ninachojua ni kwamba wawili watatu wakisimama mapema, kabla jiwe la kwanza halijarushwa, huwa ni rahisi kuliko mmoja akisimama baada ya la tano.

Kuna toleo lingine la jambo hili linalovaa sare. Kila mara polisi fulani husifiwa mitandaoni kwa kuwa anawamaliza majambazi bila kupoteza wakati wa korti, na sifa zenyewe zinatumia lugha ya muvi za kaboi: mtu mmoja, bastola moja, mtaa umetulia. Nairobi ina neno linaloeleza kwa nini tusikimbilie kushangilia. Neno ni bonoko, ile bunduki bandia inayowekwa kando ya maiti ili aliyeuawa aonekane jambazi. Jamii inayohitaji neno kama hilo imeshagundua alichokigundua Ida B. Wells mwaka 1892: kwamba uhakika unaweza kutengenezwa baadaye, mtu akiwa hawezi tena kujibu.

Je, tuache kusoma riwaya za kaboi? Mimi siachi. Zinauliza waziwazi swali ambalo riwaya za kistaarabu hulificha chini ya meza: sheria ikiwa haipo, mtu mwema afanye nini? Na ndani ya kundi hilo hilo la vitabu kuna majibu yanayopingana. Yupo Wister, na yupo Clark. Yupo pia James Welch, mwandishi wa asili ya Blackfeet, ambaye katika Fools Crow ya mwaka 1986 anaanzia upande ambao wengine wote huuita ukingo, na kwa watu wake ni katikati ya dunia. Anayewasoma wote watatu atajua kwamba mbuga ya Wister haikuwa tupu, na kwamba kamba yake haikuwa na uhakika.

Katika vitabu vyote viwili vya kunyonga, anayekufa anaandika barua. Ya Steve imeandikwa kwenye kipande cha gazeti. Usiku kucha hakuzungumza na rafiki yake, na barua inaeleza kwamba alinyamaza kwa kuogopa kulia mbele yake. Virginian akiisoma anapata nafuu, marehemu amemsamehe. Ya Martin ni kwa mkewe. Davies anaisoma kabla ya alfajiri, anaamini kwamba aliyeandika hivi hawezi kuwa muuaji, anataka wengine nao waisome. Martin mwenyewe anakataa, kwa sababu ni maneno yake na mkewe, na wengi kwenye kundi hawataki hata kuiona. Clark hatuonyeshi sisi wasomaji kilichoandikwa humo. Kitabu kinakwisha, na sisi bado hatujui barua inasema nini.